Marudiano ya Bi Mtungi na Vivuli Viwili

Asumini mwenzangu,

Nikikuandikia hujambo utanicheka, na nikikuamkia utasema Mmakua leo kaishiwa maneno. Basi naanza kama tulivyokuwa tukianza pale ukingoni, ndoo tupu mikononi, kabla hatujaushika mteremko: leo wanapigana nani na nani?

Leo wanapigana walewale, Bi Mtungi wako na Vivuli Viwili wangu. Najua kesi ile tuliifunga tukiwa wasichana, na najua ulikubali kushindwa kwa kinywa chako mwenyewe. Anayeifungua ni mimi niliyeshinda. Usinune kwanza, nisikilize mpaka mwisho.

Habari za hapa ni hizi. Ulipotutoka korosho ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kudondoka. Sasa msimu umekwisha, mvua imeshika, na binti yako Zainabu amepalilia mikorosho yote ya upande wa barabarani peke yake, kwa sababu mumewe huumwa mgongo kila siku ya jembe. Bomba la karibu na msikiti linatoa maji siku mbili, siku ya tatu linakoroma tu. Mkeka wako wa barazani nimeuchukua mimi. Niliudai kama mtani, na mtani hanyimwi. Wajukuu zako wanashinda wanabishana juu ya mashujaa wa kwenye simu, yupi angempiga yupi, na siwezi kukaa nao. Hawana kanuni. Mmoja akiona wake anazidiwa anamwongezea mabawa papo hapo, mwenzake anamwongezea moto, na mshindi ni mwenye sauti kubwa. Juzi niliwafukuza uani kwangu kwa ukali mpaka mama yao akaja kuuliza kulikoni.

Barua hii nitampa Zainabu aisome, ndiyo maana humu nitaeleza na mambo unayoyajua. Vumilia.

Ajue kwamba nilikuja Chilangala nikiwa na miaka kama kumi, baba yangu alipohamishiwa kufundisha huko kutoka Lukuledi. Ajue pia kwamba maji wakati ule hayakuwa yakipanda yenyewe. Kila siku baada ya shule tulishuka bondeni kwenye chemchemi, wewe na mimi, tukapanda na ndoo kichwani, mlima wa kumtoa mtu roho. Siku yangu ya kwanza mama yako alinishika bega akanifundisha sheria ya mlima ule: mtu mwenye mzigo kichwani haitwi kwa nyuma. Kuna msichana aliwahi kuitwa, akageuka, ndoo ikamvuta, na tangu siku hiyo anatembea kwa kuchechemea. "Hata nyumba ikiungua," alisema mama yako, "mwache mwenzio afike juu, atue, ndipo umwambie." Nyumbani kwenu mlikuwa na maneno yenu ya kumnyamazisha mtu yeyote mwenye haraka ya kusema: pandisha kwanza, utasema juu.

Kwa hiyo maneno yetu yote tuliyamaliza kwenye kushuka, na maneno yetu yote yalikuwa ugomvi wa watu wasiokuwepo. Wewe ulikuwa na Bi Mtungi, aliyetoka kwa bibi yako. Mimi nilikuwa na Vivuli Viwili, aliyetoka kwa bibi yangu wa Lukuledi. Majina yao ya kilugha yalikuwa marefu, tukayafupisha ili yatutoshe njiani.

Bi Mtungi alikuwa mwanamke mzee aliyetembea na mtungi usiokauka. Akiuinamisha kidogo, kijito kinapita. Akiuinamisha sana, bonde zima linajaa na adui anaelea. Hakuwa na silaha wala mbio. Alikuwa na mwiko mmoja tu: akigeuka kutazama nyuma, mtungi unakauka, naye anabaki kikongwe kama vikongwe wengine. Vivuli Viwili alikuwa mwindaji. Kivuli chake cha kwanza kilimfuata kama vinavyotufuata vyetu. Cha pili alikituma. Kilipita chini ya mlango, kikamshika mtu kisigino, na aliyeshikwa hakusogea tena. Udhaifu wake ulikuwa saa sita mchana, jua la utosini, vivuli vyote viwili vinapoingia chini ya nyayo na yeye kubaki mtu tu mwenye upinde.

Zainabu atauliza mbona wasichana wakubwa walibishana kwa mambo hayo. Amwulize mtu yeyote aliyebeba maji maishani mwake ni kitu gani kinafupisha njia.

Lakini sisi tulikuwa na kanuni, na kanuni zilikuwa zako. Kisichosimuliwa hakipo, huwezi kumpa mtu wako nguvu ambayo bibi hakumpa. Kuanzia ukingoni mpaka lile jiwe jeusi la katikati, kila mmoja anamtetea wake. Kuanzia jiweni mpaka majini, tunabadilishana, namtetea wako na wewe unamtetea wangu, na kwa moyo, siyo kwa kulegealegea. Kupanda, kimya, kila mmoja anapima kichwani. Juu kabisa, aliyeona ameshindwa anatua ndoo yake mwenyewe kwanza na kusema "nimetua", kisha anamtua mwenzake. Mshindi hatui mwenyewe. Anasimama na mzigo wake mpaka aliyeshindwa ainue mikono ampokee.

Nakumbuka nilivyosema kivuli changu kinamkamata Bi Mtungi kisigino, hasogei, amekwisha. Ukaniuliza kwani ni lazima asogee? Anauinamisha mtungi hapohapo aliposimama, na kivuli hakijui kuogelea. Nikasema basi Vivuli Viwili atamvamia gizani. Ukaniuliza kivuli cha gizani nimekiona wapi. Ulicheka kuanzia pale mpaka majini, na mimi nilinuna mpaka kesho yake. Lakini zamu ya kubadilishana ilipofika ulimtetea mtu wangu kuliko nilivyomtetea mimi. Wewe ndiye uliyesema angoje saa kumi, jua liko nyuma, vivuli ni virefu, amkamate Bi Mtungi kutoka mbali kabla mtungi haujamfikia. Mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Ulinipa silaha ya kukupigia, ukaniambia haya, piga.

Na bado nilishindwa, wiki baada ya wiki. Nilitua mwenyewe, nikakutua na wewe. Nilikuwa mtu wa kupenda kushinda, Asumini. Hata leo niko hivyo, na karata wamekataa kucheza na mimi. Kwa jeuri nikatunga kanuni yangu moja, ukaikubali bila kufikiri mara mbili: pambano kubwa litakuwa moja, na bingwa atakayeshindwa hasimuliwi tena na mwenyewe mpaka ashinde marudiano. Na marudiano hayaombwi hivihivi. Lazima lipatikane jambo jipya kwa wenye hadithi.

Mwaka uleule mama yako alifariki.

Nisikilize vizuri hapa. Nilikwenda Lukuledi likizo, nikarudi, nikakukuta umekonda, na kitu cha kwanza ulichoniomba ni tushuke tubishane, usahau kidogo. Tukashuka. Hilo ndilo lilikuwa pambano kubwa, na ulikuwa unanishinda tena. Tulipokaribia jiwe nikasikia mdomo wangu unasema bibi amenisimulia kipande ambacho sikuwa nakijua: kile kivuli cha pili kinaweza kuita. Kinaita kwa sauti ya mtu aliyekufa. Kinamwita mtu nyuma yake kwa sauti ya mama yake mzazi.

Bibi hakunisimulia kitu kama hicho. Likizo nzima alikuwa anaumwa meno, hakusimulia hata hadithi moja. Nilikitunga palepale, mguu mmoja juu ya jiwe, na nilijua ninakitunga, na nilijua mama yako ana miezi miwili kaburini.

Zamu ya kubadilishana ilifika, ukatakiwa kumtetea Vivuli Viwili, ukasema tu, "Huyo sasa hahitaji kutetewa." Tukajaza ndoo, tukatwishana. Mimi nilitangulia. Katikati ya mlima nilisikia unalia nyuma yangu, kilio cha kubana pumzi ili maji yasimwagike. Sikugeuka. Nilijiambia ni sheria ya mlima, na sheria ilinifaa sana siku hiyo. Juu ulitua. Ukasema, "Nimetua, Sikola. Angegeuka. Hata mimi ningegeuka." Kisha ukainua mikono yako ukanitua.

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema kesho yake. Niliposhindwa kesho yake, ikawa ngumu zaidi wiki iliyofuata, na baadaye ikawa kitu cha kitoto ambacho mtu mzima akikitaja atachekwa. Nilijidanganya hivyo. Mara moja nilifikiria kuungama kwa padri, nikajisikia naeleza habari za kivuli na mtungi kwenye kile kidirisha, nikaamua bora nitaje wivu.

Lakini wewe ulishika neno. Bibi yako alikufa, bibi yangu akafa, ukaolewa, ukazaa, ukawasimulia watoto wako hadithi zote za dunia hii, na Bi Mtungi hukumtaja. Zainabu hajawahi kumsikia. Ndugu zako hawamkumbuki. Niliwauliza kwa ujanja msibani, kila mmoja akasema hizo alizishika Asumini. Wakati huohuo mimi nilimsimulia Vivuli Viwili kwa wanangu, na kipande wanachokipenda kuliko vyote, wanachonibana nirudie, ni kile cha sauti. Uongo wangu umepata wajukuu. Hadithi yako ilikuwa imebaki kwako peke yako, na sasa uko udongoni nayo, na juu ya ardhi anayeijua ni mimi, adui yake.

Siku mbili kabla hujafariki nilikuja kukuona. Uliegemezwa mto, pumzi zako fupifupi, zilezile za kule mlimani. Nikawaomba waliokuwepo watupishe. Nikasema Asumini, nina neno nataka kukwambia, la zamani sana. Ukafumba macho, ukatabasamu upande mmoja, ukasema, "Pandisha kwanza. Utasema juu." Nikacheka. Nikafikiri unanitania, nikafikiri umechoka, nikafikiri nitakuja kesho. Nikaenda zangu nyumbani kumenya mihogo. Kesho yake ilinyesha, sikuja. Ijumaa asubuhi nikasikia mayowe ya Zainabu.

Sasa sikia aibu yangu ya msibani. Unajua kazi ya mtani. Wanaume walikwenda kuzika, wanawake tukabaki uani, na wote wakanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kukuigiza: nitembee kwa mwendo wako wa kutupa mguu, nijifunge khanga yako kwapani, niite watu kwa sauti yako, waliolia wacheke. Wakanipa khanga. Nikaifunga. Nikasimama katikati, nikafungua mdomo niite "Zainabu!" kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na haikutoka. Kuita kwa sauti ya mtu aliyekufa. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara moja, nawe ulikuwa hai, ukalia mlima mzima. Nikaivua khanga nikakaa chini. Mama mmoja akasema, "Mtani leo kashindwa kazi." Watu wakadhani ni uchungu, wakanionea huruma, wakaniletea uji.

Siku ya arobaini yako Zainabu alinivuta pembeni jikoni. "Mama Fransi," akaniambia, "siku za mwisho mama alikuwa anasema, mwambieni Bi Mtungi asigeuke. Alirudia sana. Bi Mtungi ni nani? Ni ndugu yetu? Tumemsahau kwenye msiba?" Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa kulia, na alikuwa na hofu kwamba kuna mtu hakupewa taarifa. Nikamjibu kwamba sijui. Nikasema labda ni homa, mwanangu, wagonjwa huzungumza mengi.

Kuanzia jioni hiyo ukaanza kuniita.

Nikiwa sina kitu kichwani, sikusikii. Nikibeba, hata kuni kidogo, hata beseni la ming'oko, mizizi yetu ya porini, ya kuuza, unakuja. Hatua tano nyuma, upande wa kushoto. "Sikola." Siyo kwa hasira. Kwa ile sauti ya mtu aliyekumbuka jambo. Mara ya kwanza nilitua beseni njiani nikageuka, na barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Nikaacha kubeba. Nikawa natuma wajukuu, nikasema shingo inauma, na wanangu wakaninunulia dawa ya kuchua ambayo sikuwa na mahali pa kuipaka. Asumini, niliogopa. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwishowe nikaona nirudi kwenye kanuni. Nikapanda pikipiki mpaka Newala, basi mpaka Masasi, nikalala kwa Fransi, asubuhi nikaenda Lukuledi kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye ndiye wa mwisho kwetu anayezijua hadithi za bibi. Amezeeka, haoni vizuri, na bado ni mkali vilevile. Nilimkuta anachambua choroko kwa vidole. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwuliza: yule mwindaji wa bibi, kivuli chake cha pili kilikuwa kinaita watu?

"Kivuli kina mdomo wapi?" akasema. "Kinashika tu. Kingekuwa kinasema, nani angelala?"

Nilitegemea jibu hilo, na bado lilinichoma. Nikataka kuaga. Akasema, "Na mbona swali hili nilishalijibu. Yule mwenzio Mmakonde aliniuliza hapahapa, msiba wa mama yako, ana mtoto mgongoni. Nikamwambia hivihivi, kivuli hakina mdomo. Akacheka, akaendelea kunisaidia kuchambua mchele."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuhesabu miaka. Mtoto wa mgongoni ni Zainabu. Zainabu sasa ana watoto watatu. Miaka yote hiyo, Asumini, ulikuwa unajua. Ulikuwa na jambo jipya kutoka kwa mwenye hadithi, marudiano yalikuwa haki yako, ungeniomba siku yoyote, uani, shambani, tukibangua korosho mimi na wewe na hakuna wa tatu. Hukuomba. Ulikula chakula changu, ukanisuka nywele, ukanilelea Fransi nilipolazwa, ukawa unanisikiliza nikimsimulia Vivuli Viwili na sauti yake, ukatikisa kichwa kama unaisikia leo. Nilikukasirikia sana pale kigodani. Nilisema moyoni, Mmakonde huyu alikuwa ananichunguza. Kisha nikakumbuka ulivyotabasamu upande mmoja, umeegemea mto kitandani. Ulijua neno langu la zamani ni lipi. Ulikuwa unalisubiri kutoka kwangu, na lilipokuja ulikuwa mlimani, na mtu aliye mlimani haambiwi.

Basi jana nimeshuka bondeni.

Sikuchagua saa sita, mtu wangu asije akaonewa. Nilichagua saa kumi, jua nyuma, vivuli virefu, kama ulivyonishauri mwenyewe. Nilichukua ndoo ya lita kumi. Ndiyo, kumi, na usicheke, wewe ungechukua tano. Njia imefungwa na majani, watu hawashuki tena, nilipita kwa kushika vichaka. Kuanzia ukingoni mpaka jiweni nilimtetea Vivuli Viwili, kwa sauti, peke yangu kama kichaa, na nilimtetea bila ile sauti ya uongo. Kisigino, urefu wa kivuli, upinde. Jiwe jeusi lipo. Nikaligusa. Kuanzia pale nilitakiwa kumtetea wako, na hapo nikafanya jambo ambalo sikupanga: nikamrudishia Vivuli Viwili ile sauti. Nikasema haya, tuseme ninayo. Tuseme kivuli kina mdomo na kinaita kwa sauti ya mama. Bi Mtungi afanye nini? Nilitaka nione kama wewe, siku ile, ungepata jibu.

Nilifika majini sina jibu. Nikajaza. Hakukuwa na wa kunitwisha, nikaiweka ndoo juu ya ukingo wa mawe, nikachuchumaa, nikaingiza kichwa chini yake na ngata ya khanga yako, ile ya msibani, Zainabu alinipa. Nikainuka, magoti yakialika. Nikaushika mlima, kimya.

Uliniita kabla sijafika jiweni. "Sikola." Hatua tano, kushoto. Nikasikia na pumzi. Nikasikia na ule mguu wako wa kutupa, ukikwangua changarawe. Nikaendelea. Ukaniita tena, na safari hii ilikuwa sauti ya siku zile, kabla haijakwaruza, sauti ya msichana. Shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe, nakuapia, maji yakanimwagikia sikioni. Nilitaka kukuona. Ningetoa ndoo, mkeka, korosho zangu zote, nikuone umesimama pale na kamba ya nywele imefunguka. Na hapo ndipo jibu likaja, na lilikuwa jibu la mama yako.

Mtu mwenye mzigo kichwani haitwi kwa nyuma. Hata nyumba ikiungua. Wewe tangu nikujue hukuwahi kuniita nina ndoo, hukuwahi hata kukohoa. Siku ile ulilia kwa kubana pumzi ili nisigeuke. Kwa hiyo anayeniita hapa mlimani hawezi kuwa wewe. Huyu ni yule niliyemtunga mimi. Na Bi Mtungi, mtoto wa milima hii, angesikia sauti ya mama yake nyuma yake na angejua palepale kwamba siyo mama, kwa sababu mama hamwiti mwanawe akiwa na mzigo. Asingegeuka, Asumini. Hata kwa uongo wangu, asingegeuka. Angesimama, angeuinamisha mtungi, na mtu wangu angeelea.

Niliogopa kwamba nikigeuka nitakuwa nimekushinda tena. Sikugeuka. Kivuli changu kilikuwa mbele, kimoja, na ndoo yake kichwani. Uliniita, au niliitwa tu, mara ya tatu karibu na ukingo, chini sana, kisha sikusikia kitu.

Juu nilisimama nikivuta pumzi. Kisha nikaishusha ndoo mwenyewe, nikaiweka chini, ilikuwa imepungua vidole viwili tu. Nikasema kwa sauti: Nilidanganya. Kivuli hakina mdomo. Na hata kingekuwa nao, umenishinda kwa haki. Nimetua, Asumini.

Kanuni ina sehemu ya pili, sikuisahau. Nikainua mikono kukutua. Sitakuongezea kisichokuwepo, nimekoma. Mikono haikusikia uzito wowote. Lakini niliishusha taratibu, kwa uangalifu, kama tulivyokuwa tukifanya ndoo ikiwa imejaa mpaka mdomoni.

Zainabu anakuja kwangu Jumamosi na watoto wake wote. Nitaanza na barua hii, kisha nitamsimulia Bi Mtungi tangu mwanzo, kama alivyosimulia bibi yako, bila kuongeza hata neno moja. Nimekumbuka karibu yote. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Wanangu nao nitawaambia kipande wanachokipenda nilikiiba, na Vivuli Viwili sitamsimulia tena, ndiyo kanuni niliyoitunga mwenyewe. Akitaka marudiano atayapata tukikutana, wewe ukiwa umepumzika vya kutosha na mimi nimejifunza kushindwa.

Leo asubuhi nimebeba kuni kutoka shambani mpaka nyumbani. Hakuna aliyeniita. Njia ilikuwa ndefu, na nilipofika uani nilisimama muda na mzigo kichwani, nikisikiliza.

Lala salama, mwenzangu. Umeshafika juu.

Mtani wako,
Sikola